Kipimo na Masharti Yake: Funzo Kutoka Giaboksi ya Otomatiki

Wakati wa mazoezi ya kufundisha ya mwaka jana, nilikaa nyuma ya darasa la sita katika shule moja ya wilaya ya Hanang, nikimsikiliza mwalimu mwanafunzi akifundisha kupima ujazo wa maziwa. Alikuwa amejitayarisha. Andalio lake la somo lilikuwa safi, zana zake zilikuwa tayari mezani, na sauti yake ilifika kila pembe ya chumba. Aliandika ubaoni hatua nne za kupima. Watoto wakazisoma kwa pamoja, wakazirudia, wakazinakili. Ndipo mtoto mmoja wa kike alipoinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, kwa nini tungoje mpaka povu liishe?" Mwalimu mwanafunzi akajibu bila kusita: "Kwa sababu ndiyo hatua ya tatu." Darasa likacheka kidogo, somo likaendelea.

Sikumlaumu mwenzangu yule, maana jibu lake nalijua sana. Nimelitoa mimi mwenyewe mara nyingi mbele ya darasa. Tena jibu la namna hiyo liliwahi kutugharimu, mimi na ndugu zangu, giaboksi nzima ya gari. Napenda kuwasimulieni habari hiyo, si kwa kuwa chuo chetu kinafundisha ufundi wa magari, bali kwa sababu ndani yake limo kosa ambalo sisi walimu hulifanya kila tunapofundisha watoto kupima kitu chochote.

Kosa langu

Kaka yangu hulima vitunguu saumu katika nyanda za juu za Mbulu. Baada ya mavuno mazuri alinunua gari lililokwisha kutumika, lililoletwa kutoka Japani, ili apate kusafirisha vitunguu vyake na vya majirani hadi Babati. Gari hilo lilikuwa la otomatiki, yaani gari lisilo na klachi ya kukanyaga kwa mguu. Asubuhi moja ya baridi, ukungu ungali umelala juu ya mashamba, aliniita: "Mwalimu, wewe umesoma, hebu tupimie oili kabla hatujashuka."

Nilifungua boneti. Nilipima kwanza oili ya injini kama nilivyofundishwa tangu utotoni: injini imezimwa na imepoa. Nikavuta kijiti cha kupimia, ambacho mafundi hukiita dipstiki, nikakifuta, nikakirudisha, nikakivuta tena na kusoma. Karibu yake nikaona kijiti kingine, cha giaboksi. Nikakifanyia vivyo hivyo, hatua kwa hatua, injini ikiwa bado imezimwa. Oili ilifika kwenye alama. Nikatangaza kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Imejaa."

Jioni tulikuwa tunapanda mteremko wa Magara kurudi nyumbani. Katikati ya mlima injini ikaanza kunguruma kwa nguvu ilhali gari halisogei. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Kaka alikanyaga tena mafuta, akijaribu kulisaidia gari, na kumbe ndivyo alivyozidi kulimaliza. Tulilala njiani, watu watano, kwenye baridi. Asubuhi fundi alikuja, akawasha injini, akavuta kile kijiti changu cha jana: kilikuwa kikavu, isipokuwa ncha yake tu. Oili ilikuwa imevuja tone kwa tone, kwa siku nyingi, kutoka katika mpira unaoipeleka kwenye kipozeo. Fundi akauliza, "Nani aliyepima?" Kaka yangu alinitazama, kisha akatazama pembeni. Giaboksi nyingine ilipatikana kwa bei ya maksai wawili.

Kwa nini kijiti kilisema uongo?

Hebu tuchunguze jambo hili kama walimu. Hatua nilizozifuata zilikuwa sahihi kwa oili ya injini. Injini ikizimwa, oili yake hutiririka na kurudi chini katika bakuli lake, na hapo ndipo inapopimwa. Nilichokosa ni sababu ya hatua hizo. Kwa kuwa sikuijua sababu, nilizichukua hatua hizo na kuzipeleka kwenye mashine isiyokuwa yake.

Giaboksi ya otomatiki hufanya kazi kwa namna nyingine. Humo ndani oili si kilainishi peke yake, bali ndiyo inayobeba nguvu. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kilichojaa oili, ambacho hupitisha nguvu kutoka kwenye injini bila kushikanisha vyuma moja kwa moja. Zaidi ya hayo, oili hiyo hiyo, ikiwa imesukumwa na pampu, hubana sahani za klachi zilizomo ndani ili gia zibadilike zenyewe. Ufundi huu si wa jana: kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza magari yenye giaboksi ya namna hii, iliyoitwa Hydra-Matic, mwaka 1939.

Injini inapounguruma, pampu huchota oili kutoka katika bakuli la chini na kuijaza katika chombo kile cha mviringo, katika mifereji yote, na katika kipozeo. Inayobaki katika bakuli ndiyo ambayo kijiti hupima. Injini ikizimwa, pampu husimama, na sehemu ya oili hurudi chini. Kijiti kikitumbukizwa wakati huo, huonyesha oili nyingi kuliko ilivyo wakati wa kazi. Ndiyo sababu nilisoma "imejaa" kwenye giaboksi iliyokuwa na njaa. Tulipopanda mlima, oili chache iliyokuwapo ilikimbilia nyuma, pampu ikavuta hewa badala ya oili, sahani zikakosa kubanwa sawasawa, zikateleza, zikaungua.

Kuna sababu ya pili, nayo ni joto. Oili hutanuka inapopata joto. Lita moja ya oili hutanuka kwa karibu mililita 0.7 kwa kila nyuzi moja ya Sentigredi. Chukueni giaboksi yenye lita 8, iliyolala nje usiku wa Mbulu na kuwa na nyuzi 20 asubuhi. Baada ya safari, oili imefika nyuzi 80. Tofauti ni nyuzi 60. Zidisheni: 0.7 mara 60 mara 8. Jawabu ni mililita 336, karibu theluthi moja ya lita. Hakuna aliyemimina hata tone, lakini usawa umepanda. Kwa ajili hiyo vijiti vingi vina alama za aina mbili, moja ya oili baridi na nyingine ya oili moto. Anayesoma alama ya moto wakati oili ni baridi ataongeza oili isiyohitajiwa. Oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka huipiga na kuifanya povu, na povu halibani sahani wala halilainishi vizuri. Kwa hiyo kuzidisha si tahadhari. Ni kosa lingine lenye mwisho ule ule.

Namna ya kupima

Kwa magari mengi ya otomatiki yenye kijiti, utaratibu ni huu:

1. Endesha gari kwanza, mpaka giaboksi ipate joto lake la kazi. Kuiacha injini iunguruma kwa dakika chache tu hakutoshi, kwa kuwa giaboksi huchelewa kupata joto kuliko injini.

2. Simamisha gari mahali palipo tambarare. Katika nchi yetu ya vilima jambo hili halipatikani kila mahali. Afadhali kwenda mbele kidogo kuliko kupima kwenye mteremko, maana oili, kama maji katika sahani iliyoinamishwa, hukimbilia upande mmoja.

3. Funga breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya gurudumu, na ukiwa umekanyaga breki ya mguu pitisha mkono wa gia katika nafasi zote, ukitua kidogo katika kila moja, ili oili ijaze mifereji yote. Kisha uurudishe kwenye P.

4. Injini ikiendelea kuunguruma polepole, vuta kijiti, kifute kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, kivute tena, usome pande zote mbili. Ukiona pande zinatofautiana, amini ule wa chini, au rudia.

5. Tazama rangi na unuse. Oili nyingi za aina hii huwa nyekundu zikiwa mpya. Ikiwa ya kahawia iliyokolea na yenye harufu ya kuungua, tatizo si upungufu tu.

6. Ikiwa imepungua, ongeza kidogo kidogo, aina ile ile iliyotajwa katika kitabu cha gari, na upime tena. Kumbuka kwamba giaboksi haichomi oili kama injini iliyochakaa inavyofanya. Ikipungua, mahali fulani inavuja, mtafute fundi.

Sasa angalieni jambo linalofuata, kwa maana ndilo kiini cha maneno yangu. Mtu akizikariri hatua hizi sita na kuzipeleka kwenye magari mengi ya Honda, atakosea tena. Hayo hupimwa baada ya giaboksi kupata joto na injini kuzimwa, tena ndani ya dakika moja au moja na nusu. Yako pia magari ya miaka ya karibuni ambayo hayana kijiti kabisa. Hayo huinuliwa yakiwa sawasawa, fundi akasoma joto la oili kwa chombo chake, akafungua kizibo kilicho chini, na kutazama oili inavyochuruzika. Hatua zimebadilika, lakini masharti ni yale yale: oili iwe na joto gani, gari limesimamaje, na oili iko wapi wakati wa kupima. Aliyekariri hatua anaanza upya kila gari jipya likija. Aliyeelewa masharti anajua la kuuliza, na anajua pia wakati wa kukiacha kijiti na kufungua kitabu.

Desturi ilitoka wapi?

Huenda mkaniuliza, mbona watu wengi hukosea kosa hili moja? Nadhani ni kwa sababu tulirithi kanuni nzuri kutoka kwa walimu wazuri. Katika Hanang, mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyoendeshwa na shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970 na 1980, yaliwafanya vijana wengi wa wakati ule wakae karibu na matrekta na mashine za kuvunia. Wengine walijifunza kwenye malori ya gia za mkono. Kote huko kanuni ilikuwa moja: zima, ngoja, pima. Baba zetu walitufundisha hivyo, na kwa mashine zile walisema kweli. Kisha magari ya otomatiki yakaja kwa wingi, na kanuni ikabaki vile vile, kwa sababu ilikuwa imeshikwa bila sababu yake. Kanuni iliyoachana na sababu yake haiwezi kujua mahali pa kukoma.

Nini kitufaacho darasani?

Pengine baadhi yenu mtasema: "Mkufunzi, sisi tunakwenda kufundisha watoto wa shule ya msingi, wengine kwao hakuna hata baiskeli. Giaboksi yatuhusu nini?" Hoja hiyo ni ya haki, nami naijibu hivi. Simtaki mtoto wa darasa la sita awe fundi wa magari. Namtaka ajue kwamba kila kipimo kina masharti, na kwamba namba iliyosomwa nje ya masharti yake si kipimo. Jambo hilo limemzunguka kila siku.

Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hujaza kibuyu kwa povu, na povu ni hewa. Anayeyanunua kwa lita analipia hewa. Debe la mahindi lililofutwa na debe lenye kilele si kipimo kimoja, na mkulima wa Dongobesh au Katesh anayajua machungu ya tofauti hiyo. Kipima mvua husomwa saa 3 asubuhi kila siku ili namba ya leo iweze kulinganishwa na ya jana. Oili ya pikipiki hupimwa ikiwa imesimamishwa wima, wala si ikiegemea stendi ya pembeni, na vijana wengi wa bodaboda hawalijui hilo. Kitabu husema maji huchemka kwenye nyuzi 100, nacho chasema kweli kwa usawa wa bahari. Lakini mahali palipo meta 1,500 juu yake, maji huchemka karibu na nyuzi 95, na sehemu kubwa ya nyanda za Mbulu iko juu zaidi ya hapo. Mtoto aliyekariri 100 bila sharti lake, siku atakapotumia themometa, ataona ama kitabu ni cha uongo ama macho yake ni mabovu. Yote mawili ni hasara kwa elimu.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu.

La kwanza, ubao wa somo la kupima ugawanywe safu tatu, si moja. Safu ya kwanza iandikwe Hatua. Ya pili, Sababu. Ya tatu, Ikibadilika je? Mwalimu asiyeweza kuijaza safu ya pili hajawa tayari kuingia darasani, hata andalio lake likiwa na wino wa rangi mbili. Safu ya tatu ijazwe na watoto wenyewe.

La pili, tutumie zana za mazingira. Jambo la pampu laonyeshwa kwa beseni. Tia maji mpaka alama, kisha chota chupa mbili kutoka humo. Usawa hushuka. Rudisha maji, usawa hupanda. Waulize watoto: je, maji yameongezeka? Jambo la joto laonyeshwa kwa chupa ndogo iliyojazwa pomoni maji ya rangi, ikazibwa kwa kizibo chenye mrija wa kalamu iliyokwisha wino, na nafasi zote zikazibwa kwa nta. Isimamishwe katika maji ya moto kiasi, yasiyochemka. Maji hupanda katika mrija machoni pao. Zana hizi mbili hazizidi gharama ya kipande cha nta.

La tatu, pale ambapo mzazi au mwalimu mwenye gari yuko radhi, watoto na waone. Hapa nasisitiza usalama: mwenye gari awe kwenye usukani na mguu kwenye breki, watoto wasimame kando na si mbele wala nyuma ya gari, na asikaribie mtu mwenye mtandio au nguo inayoning'inia, kwa sababu feni na mikanda huzunguka na vyuma huwa moto. Mwalimu peke yake ndiye ashike kijiti. Kijiti kisomwe mara mbili, kwanza injini ikiunguruma, kisha ikiwa imezimwa kwa muda, na watoto waandike namba zote mbili. Wakishaona gari moja, kijiti kimoja na oili moja vikitoa majibu mawili, hamtahitaji kuwahubiria juu ya masharti ya kipimo.

Ninajua pingamizi kubwa kuliko zote: muda. Mada ni nyingi, madarasa yamejaa, na mtihani huuliza hatua kuliko unavyouliza sababu. Ni kweli kwamba sababu hula dakika kumi ambazo kukariri hakuzili. Lakini tuhesabu kwa uaminifu. Dakika hizo kumi hulipwa mara moja, na kosa la asiyeelewa hulipwa kwa maisha yote, na mara nyingi hulipwa na mtu mwingine aliyemwamini. Kaka yangu hakuamini kijiti. Aliamini usomi wangu. Ndivyo wazazi watakavyowaamini ninyi na watoto mtakaowafundisha.

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967 ulitaka shule zetu zimjenge mtoto mwenye akili ya kudadisi, anayeweza kujifunza kutoka kwa wengine na kuyapima yale ajifunzayo kwa mahitaji yake mwenyewe. Mitaala ya miaka ya karibuni inasema umahiri. Majina hubadilika, lakini mtoto anayetakiwa ni yule yule, naye alikuwapo katika darasa lile la Hanang, mkono wake ukiwa juu, akiuliza habari za povu.

Baada ya kipindi nilizungumza na mwalimu mwanafunzi chini ya mti, nikamsimulia habari za Magara kama nilivyowasimulia ninyi. Kesho yake alirudi darasani na lita moja ya maziwa na mitungi miwili, akamwita msichana yule mbele, akamwambia: "Jana uliuliza swali zuri, nami sikulijibu. Leo tulijibu pamoja." Ndugu walimu wanafunzi, hakuna heshima aliyoipoteza kwa maneno hayo. Mwendapo katika shule zenu, mtoto akiuliza kwa nini, msimpe namba ya hatua. Mpeni sababu, na kama hamnayo, itafuteni pamoja naye.